Mtihani Unakaribia: Mzazi Afanye Nini?



Kila mwaka ifikapo mwezi Oktoba, sisi wauguzi huanza kupokea wagonjwa wa namna moja. Ni vijana wa sekondari, wavulana kwa wasichana. Wengine wanaumwa kichwa kila jioni. Wengine tumbo linasokota asubuhi kabla ya kwenda shule. Wengine moyo unakwenda mbio, au usiku hawapati usingizi. Tunapima malaria, haipo. Tunapima joto la mwili, ni la kawaida. Tukikaa naye kando na kumwuliza taratibu, kijana hujibu kwa sauti ndogo, "Mama, mwezi ujao nina mtihani wa taifa."

Mzazi aliyemleta naye huwa na ombi lake. "Nesi, tunaomba umpatie dawa ya kuongeza akili." Dawa hiyo haimo katika kabati letu, wala haimo katika duka lolote la dawa. Anayekuuzia chupa au kidonge kwa jina hilo anakula fedha yako bure.

Lakini msaada upo, na unatolewa nyumbani. Tena anaweza kuutoa hata mzazi aliyeishia darasa la saba, na hata yule ambaye hakwenda shule kabisa. Msaada huo tumeuweka katika maneno manne ili usisahaulike: MWULIZE, MLAZE, MLISHE, MTULIZE. Tuyapitie moja moja.

1. MWULIZE

Vijana wengi hujisomea hivi: hufungua daftari ukurasa wa kwanza, husoma mpaka wa mwisho, kisha hurudia tena. Wakifika mara ya tatu kila kitu wanakiona cha kawaida, nao husema, "Sasa nimeiva." La hasha. Kuzoea sura ya ukurasa si sawa na kujua yaliyomo. Mtu anaweza kupita mbele ya nyumba ya jirani miaka kumi. Rangi ya mlango anaijua, lakini mwulize ndani mna viti vingapi, hana jibu. Chumba cha mtihani kinauliza habari za ndani, si rangi ya mlango.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kisha akaangalia baada ya saa, siku na wiki amebakiwa na kiasi gani. Aliona kwamba kusahau huwa kwingi sana mwanzoni, katika saa na siku za kwanza, kisha hupungua kasi. Kwa hiyo mtoto anayesahau leo yale aliyosoma juzi si mjinga. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi. Kundi moja lilisoma habari fupi katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, na katika vipindi vitatu vilivyobaki waliandika wanayoyakumbuka bila kuiangalia habari yenyewe. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nyingi ndio walioongoza. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma tu walikumbuka kama sehemu 40 kati ya 100. Waliojiuliza walikumbuka kama sehemu 61. Na la kushangaza, waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka!

Somo kwa mzazi ni hili: mtoto hujenga kumbukumbu pale anapolazimika kuyatoa kichwani yale aliyosoma. Na ili ayatoe, anahitaji mtu wa kumwuliza. Hapo ndipo kazi yako ilipo.

Mzazi atasema, "Lakini madaftari yote ni ya Kiingereza, mimi nitauliza nini?" Tunaelewa. Katika nchi yetu mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha masomo mengi ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, kutojua kwako Kiingereza hakuzuii. Fanya hivi:

(a) Jioni, akimaliza kusoma, mwambie afunge daftari akusimulie kwa Kiswahili aliyojifunza. Tuseme amesoma Vita vya Maji Maji. Mwulize: Vilianza mwaka gani? Kwa nini watu walichukia kulimishwa pamba? Kinjeketile alikuwa nani, na maji yale yalikuwa ya nini? Vita vilipokwisha, njaa ilitoka wapi? Usiache kuuliza "kwa nini?" na "kisha ikawaje?" Pale anapojikunakuna kichwa ndipo penye pengo. Afungue daftari asome sehemu hiyo tu.

(b) Baada ya kusimulia, achukue karatasi aandike maelezo yale yale kwa Kiingereza bila kuangalia daftari. Mtihani utamtaka aandike kwa lugha hiyo, kwa hiyo ajizoeze. Kisha alinganishe mwenyewe na daftari na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

(c) Akunje karatasi kwa urefu. Upande mmoja aandike maswali mafupi, upande wa pili majibu. Karatasi hiyo anaweza kuishika mama akiwa jikoni, baba akipumzika, au mdogo wake wa darasa la sita. Swali alilojibu vizuri liwekewe alama. Lililomshinda liulizwe tena kesho.

(d) Mtafutieni mitihani ya miaka iliyopita. Walimu wa somo huwa nayo, na gharama ya kutoa nakala ni ndogo kuliko ada ya mwezi mmoja ya tuisheni. Aifanye akiwa ametulia mezani, kwa muda ule ule ulioandikwa juu ya karatasi, bila kufungua daftari.

Akikosea usimcheke, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Kukosea nyumbani ni faida, kwa sababu kosa limeonekana mapema na kusahihishwa haligharimu alama.

Haba na haba

Kitu kingine kinachosaidia ni kugawa kazi kidogo kidogo. Saa tano za somo moja siku ya Jumamosi hazizai sawa na saa moja kila siku kwa siku tano. Mtoto akisoma mada leo, aulizwe tena kesho kutwa, kisha baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu au nne. Kila akikaribia kusahau, akaulizwa, kumbukumbu hukaza zaidi. Ndiyo maana maandalizi ya mtihani wa Novemba hayaanzi Oktoba. Yafaa yaanze angalau likizo ya katikati ya mwaka.

Keti naye mpange ratiba, mbandike ukutani. Masomo magumu yawekwe saa ambazo akili bado haijachoka. Asome kama dakika 40, kisha anyanyuke dakika 10, anywe maji, anyooshe miguu. Asiende kwenye simu katika dakika hizo, maana dakika 10 za simu huzaa saa nzima. Wakati wa kusoma simu ikae kwa mzazi. Kama anaitumia kutafuta mitihani au masomo, apangiwe muda wake, kisha airudishe.

Ratiba nzuri ukutani haina faida ikiwa mtoto hana nafasi ya kuifuata. Hapa tunasema waziwazi juu ya binti zetu. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume akirudi shule hukaa kusoma, dada yake huchota maji, hupika, huosha vyombo na kuogesha wadogo. Anapolishika daftari ni saa nne usiku na macho yanafumba. Kisha tunasema, "Huyu wa kike hana kichwa cha shule." Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi, hatusemi ziachwe. Tunasema zigawanywe kwa haki, na mtahiniwa apunguziwe katika miezi ya mwisho.

Nyumba ikiwa na kelele au chumba kimoja, wazazi wa jumuiya ndogo ndogo wanaweza kuelewana: nyumba moja yenye meza na taa ipokee watahiniwa watatu au wanne kwa saa mbili jioni, mtu mzima akiwapo, waulizane wenyewe kwa wenyewe. Wenye watoto wa bweni watumie likizo na siku za kutembelea. Na mwenye mtoto aliyepanga chumba karibu na shule amtembelee mara kwa mara bila taarifa, aone anakula nini, analala wapi na nani anaingia mle chumbani.

2. MLAZE

Wazazi hufurahi kuona taa inawaka chumbani kwa mtoto mpaka saa nane usiku. Kwetu sisi wauguzi hiyo si habari njema.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10 kila usiku. Ndivyo wataalamu wa usingizi wanavyoshauri. Usingizi si muda uliopotea. Wakati mwili umelala, ubongo unaendelea kuyapanga na kuyakaza yale yaliyosomwa mchana. Mwaka 1924 watafiti John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba mtu aliyekariri kitu kisha akalala hukumbuka zaidi kuliko aliyekariri kisha akakaa macho kwa muda ule ule. Tangu hapo uchunguzi mwingi umekubaliana na jambo hilo. Anayekesha kabla ya mtihani ni kama mkulima anayepanda mbegu halafu anakataa kuzifukia.

Tupige hesabu. Mtoto anayetakiwa kuamka saa 11 alfajiri ili awahi shule, alale saa 3 usiku ndipo apate saa 8. Kwa hiyo chakula cha usiku kisichelewe. Tujue pia kwamba katika umri wa kubalehe usingizi huchelewa kuja kuliko kwa mtoto mdogo. Huo ni mwili, si ukaidi. Kinachosaidia ni kulala na kuamka saa zile zile kila siku, na kuweka kando simu na televisheni saa moja kabla ya kulala.

Ziko njia ambazo vijana hutumia kufukuza usingizi, nazo zina madhara. Chai ya rangi nzito na kahawa zikinywewa jioni huzuia usingizi kwa saa nyingi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani vina kafeini na sukari nyingi. Humfanya kijana atetemeke, moyo upige kasi, kisha alegee zaidi. Vidonge vya kuzuia usingizi wanavyopeana mabwenini ni hatari kabisa. Mwanao akiwa navyo, usimpige. Mwulize amevipata wapi, vichukue, mlete tumwone.

Juu ya taa: koroboi hutoa moshi unaowasha macho na kifua, na imeunguza watoto wengi waliosinzia juu ya daftari. Ukiweza, nunua taa ndogo ya sola. Usiposhindwa kabisa kuacha koroboi, basi dirisha liwe wazi, na taa ikae mbali na karatasi na chandarua. Mbu wa malaria huuma usiku. Anayesoma usiku avae nguo ndefu, na akimaliza alale ndani ya chandarua chenye dawa. Homa moja ya malaria katikati ya mtihani hupoteza kazi ya miaka minne.

3. MLISHE, NA UMPIME

Ubongo hufanya kazi kwa chakula kama viungo vingine. Mtoto aliyeondoka nyumbani saa 12 asubuhi bila kitu tumboni, akatembea kilomita kadhaa na kukaa hadi saa 9 alasiri, hawezi kushika hesabu za mwisho. Si lazima mkate na mayai. Uji wa dona wenye karanga zilizopondwa, kiporo cha maharage, kiazi kitamu au muhogo na chai ya maziwa, vyote vinafaa. Afungashiwe na chupa ya maji safi, maana kukosa maji nako huleta kichwa kuuma na uchovu.

Lakini liko jambo moja ambalo hujificha nyuma ya sifa ya "uvivu", nalo ni upungufu wa damu. Tumepata kumpokea binti wa kidato cha tatu aliyesemwa nyumbani na shuleni kwamba ni mvivu, anasinzia darasani, hawezi kukimbia mchakamchaka. Tulipompima damu ilikuwa gramu 7 kwa desilita, wakati msichana wa umri wake anatakiwa asipungue 12. Alikuwa na minyoo ya safura, na hedhi yake ilikuwa nzito. Baada ya dawa za minyoo na miezi mitatu ya vidonge vya madini ya chuma, ule "uvivu" ulikwisha.

Wasichana wako hatarini zaidi kwa sababu hupoteza damu kila mwezi huku mwili bado unakua. Dalili ni hizi: kuchoka haraka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio anapopanda mlima, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, pengine hamu ya kula udongo au barafu. Ukiziona, mlete apimwe. Usimpe vidonge kwa kubahatisha, kwa maana upungufu wa damu una sababu nyingi, ikiwamo kichocho, malaria na selimundu.

Nyumbani, vyakula vya kuongeza damu ni dagaa, nyama, maini, maharage, choroko na mboga za majani kama mchicha, kisamvu na matembele. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, kama chungwa, pera, embe au ndimu. Chai hufanya kinyume, huyazuia. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na mlo. Isogezwe saa moja au mbili baadaye.

Binti ahesabu tarehe zake. Kama hedhi itaangukia siku za mtihani, awe na pedi au vitambaa safi vya kutosha. Kama huumwa sana tumbo, aje mapema tumshauri juu ya dawa ya maumivu inayomfaa, asiijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani.

Macho nayo yapimwe. Mtoto anayesogeza daftari puani, anayekunja uso akitazama ubao, au anayenakili kwa jirani yake kwa kuwa haoni, huenda anahitaji miwani tu. Miwani haiharibu macho, kama wengine wanavyodhani.

Mwisho, wale wenye maradhi ya kudumu: pumu, kifafa, kisukari, selimundu, au wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Waje kliniki wiki chache kabla ya mtihani wachukue dawa za kuwatosha kipindi chote. Mwenye kifafa asikeshe hata siku moja, kwa sababu kukosa usingizi huamsha degedege. Mwenye selimundu anywe maji mengi na ajikinge na baridi.

4. MTULIZE

Hofu kidogo ya mtihani ni nzuri. Ndiyo inayomwamsha mtu asome. Hofu ikizidi hufunga akili. Mtoto aliyejua jibu jana hulikosa leo, kisha hulikumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani.

Hofu huzungumza pia kwa mwili. Wazee wa mkoa wa Kagera wanakumbuka habari za Kashasha, mwaka 1962, pale wasichana wa shule moja ya bweni walipopatwa na vicheko na vilio visivyozuilika. Katika wanafunzi 159, walipatwa 95, na shule ikafungwa kwa muda. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakuvipata. Hata leo hutokea wasichana wakaanguka shuleni mmoja baada ya mwingine, na watu wakakimbilia kusema ni mapepo au wanajifanya. Hawajifanyi. Wapumzishwe mahali tulivu, watenganishwe na kundi la watazamaji, wapimwe kuona kama kuna ugonjwa, na waulizwe kwa upole kinachowasumbua.

Maneno ya mzazi yana uzito mkubwa hapa. "Ukifeli usirudi nyumba hii." "Nimeuza ng'ombe kwa ajili yako, uniletee sifuri uone." Mzazi husema hayo akidhani anamtia moyo, kumbe anampa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Badala yake mwambie, "Mwanangu, jitahidi uwezavyo. Wewe ni wangu kabla ya mtihani na baada ya mtihani." Maneno hayo hayamfanyi mtoto abweteke. Humwondolea woga akaweza kufikiri.

Mfundishe na zoezi hili: aketi wima, avute pumzi taratibu kwa puani akihesabu moja hadi nne, kisha aitoe polepole akihesabu moja hadi sita. Arudie mara kumi. Moyo utatulia. Alifanye kila jioni ili siku ya mtihani liwe jambo alilolizoea.

Ziko dalili ambazo hazitaki kungojewa: mtoto amekaa zaidi ya wiki mbili bila raha, hali, halali, anajitenga na marafiki, anagawa vitu vyake, au anatamka kwamba ni heri afe. Usimwambie "acha mambo ya kitoto." Usimwache peke yake, weka mbali sumu za shambani na dawa, na umlete hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Kwa watoto walio nchini Tanzania ipo pia simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Uangalifu huo uendelee mpaka matokeo yatoke, ambayo kwa kidato cha nne kwa kawaida huja mwezi Januari. Siku hiyo mzazi awepo nyumbani. Aliyeshindwa anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, anaweza kwenda chuo cha ufundi stadi, na anaweza kujifunza kazi kwa fundi. Mtihani hurudiwa. Mtoto harudiwi.

SIKU YENYEWE

Usiku wa kuamkia mtihani, kalamu, penseli, rula na namba ya mtihani viwe tayari mezani. Apitie maswali yake ya karatasi iliyokunjwa kwa muda mfupi, kisha alale. Asubuhi ale chakula alichokizoea, si kitu kigeni. Atoke mapema asije akakimbia. Akirudi, usimhoji swali kwa swali amejibu nini. Karatasi imekwisha kwenda. Mpe chakula, apumzike, ajiandae kwa inayofuata.

Ndugu wazazi, walimu wamefanya sehemu yao, na mtoto anafanya yake. Hayo manne hayahitaji shahada wala mshahara mkubwa. Mwulize, mlaze, mlishe, mtulize. Anza na moja jioni ya leo: afunge daftari, akusimulie.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA

1. Katika nyumba yetu, mtahiniwa analala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Zinatimia saa 8?
2. Nani kati yetu atashika karatasi ya maswali, na siku zipi?
3. Kazi za jioni zinafanywa na nani? Tunaweza kuzigawa upya vipi?
4. Ni lini mara ya mwisho watoto wetu wa kike walipimwa damu?
5. Ni maneno gani tunayoyasema juu ya mtihani? Yapi tuyaache?